Soma Viza Kwanza, Mshahara Baadaye: Tuliyojifunza Malindi Kuhusu Kazi za Kufundisha Kiingereza Ng'ambo

Tangazo lenyewe huwa fupi. "Walimu wa Kiingereza wanahitajika haraka China, Thailand na Saudia. Mshahara dola 1,800 hadi 2,500. Nyumba na tiketi bure. Uzoefu si lazima. Nafasi 20 pekee." Chini yake pana namba ya WhatsApp. Huingia usiku kwenye vikundi vya walimu, na kufikia alfajiri limeshasambazwa mara nne, kila anayelituma akiongeza "nimelipokea kama lilivyo". Kwa mwalimu wa Malindi au Lamu anayelipwa na bodi ya shule, au wa intern katika sekondari msingi ambaye hupata Sh 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, hesabu hiyo haitaki kalamu. Dola 1,800 ni zaidi ya laki mbili.

Sisi wachache wa huku pwani tumeifuata njia hiyo tangu tangazo mpaka meza ya afisa wa kazi. Fedha zilipotea. Baadaye tulirudi nyuma hatua moja moja kutazama tulidanganyiwa wapi, na hatua hizo ndizo zimo humu.

Kosa lililotugharimu kuliko yote lilikuwa hili: tuliikagua shule, hatukuikagua viza. Shule iliyotajwa ilikuwepo, picha za madarasa zilikuwa za kweli, hata jina la mwalimu mkuu lilikuwa sahihi. Tapeli haumbi shule, huazima ya watu. Mwalimu akishajiridhisha kwamba shule ipo, moyo hutulia, na maswali huishia hapo. Swali linalopaswa kuja la kwanza ni jingine kabisa: je, sheria ya nchi hiyo inamruhusu mwenye pasipoti ya Kenya kufundisha Kiingereza, na kwa viza ya aina gani? Jibu lake halihitaji ajenti. Liko kwenye kurasa za ubalozi wa nchi husika, na mara nyingi linatosha kulitupa tangazo siku ile ile.

Tuanze na Korea Kusini, kwa sababu huko jibu ni fupi. Viza ya mwalimu wa lugha ya kigeni inaitwa E-2. Kwa Kiingereza, hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Kenya haimo. Kwa hiyo tangazo linalomwambia Mkenya "E-2 ndani ya wiki sita" ni la uongo hata kama kila kitu kingine ndani yake ni kweli. Hapo hakuna cha kufuatilia.

China kunahitaji maelezo zaidi. Viza ya kazi ni Z, na kabla haijatolewa mwajiri lazima aombe taarifa ya kibali cha kazi serikalini kwake, akutumie, ndipo wewe uende ubalozini. Ukishaingia una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Kanuni zao zinamtaka mwalimu wa lugha awe anafundisha lugha yake ya mama, awe na shahada, na awe na uzoefu wa miaka miwili, uzoefu ambao huweza kusamehewa kwa mwenye shahada ya ualimu au cheti cha kufundisha lugha. Kikwazo kwetu ni hicho cha kwanza. Kiingereza ni lugha rasmi kwa Katiba yetu ya 2010, lakini ofisi ya huko hutazama pasipoti, haitazami Katiba. Inauma, maana wapo walimu huku pwani wanaokifundisha Kiingereza vizuri kuliko wengi wanaopewa nafasi hizo kwa sababu tu ya mahali walipozaliwa. Lakini sheria ndiyo hiyo, na ajenti anaijua. Ndiyo sababu hukwambia, "Ingia kwanza kwa viza ya biashara, shule itakubadilishia." Viza ya biashara ni M, ya utalii ni L, ya mwanafunzi ni X, ya ziara za mabadilishano ni F. Hakuna hata moja inayokuruhusu kufundisha kwa mshahara. Sheria ya China ya kuingia na kutoka, inayotumika tangu Julai 2013, inamtoza anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Anayekamatwa ni mwalimu. Ajenti wakati huo yuko Nairobi anapokea simu za wengine.

Kuna jambo moja ambalo tangazo halisemi kwa sababu halina faida kwa anayeuza: kwa sheria hizo hizo za China, mwalimu wa hesabu, fizikia au kemia mwenye shahada na miaka miwili kazini ana mlango mpana kuliko wa Kiingereza, kwa kuwa somo lake halidaiwi lugha ya mama. Mwalimu mwenye masomo mawili, Kiingereza na sayansi, aombe kwa sayansi. Halafu kumbuka Julai 2021 serikali ya China ilibana vituo vya masomo ya ziada, na vingi vilifungwa. Tangazo la leo lenye kusifu "kituo cha mafunzo cha jioni kwa watoto" lina uwezekano mkubwa limenakiliwa kutoka miaka ya nyuma.

Thailand wanapokea walimu wasio wa nchi hizo saba, na hilo ndilo linaloifanya itumiwe sana kama chambo. Njia halali ni viza ya Non-Immigrant B inayotokana na barua za shule, kisha kibali cha kazi, kisha leseni au msamaha wa muda kutoka baraza la walimu la huko liitwalo Khurusapha. Shahada inatakiwa. Asiye wa nchi za Kiingereza huombwa matokeo ya mtihani, na shule nyingi hutaka alama 600 kwenda juu za TOEIC. Tangazo la Thailand lisilotaja shahada wala mtihani wowote si la ualimu.

Basi ni la nini? Hapa nasema bila kupunguza. Tangu 2022 Wakenya wamekuwa wakiokolewa kutoka kambi za utapeli wa mitandaoni huko Myanmar, watu walioitwa Thailand kwa kazi za ofisini. Njia yao ni moja: unatua Bangkok, unapokewa na dereva asiyejua chochote, unaambiwa kituo chako kiko Mae Sot. Mae Sot ni mji wa mpakani, kilomita karibu 500 kutoka Bangkok. Ng'ambo ya Mto Moei ni Myawaddy, na kambi ziko upande huo. Mapema 2025 maelfu ya watu walitolewa huko, Wakenya wakiwamo. Anayejua Kiingereza kizuri cha kuandika ana thamani kubwa kwa wenye kambi, kwani kazi yenyewe ni kuwaandikia watu wa Ulaya na Marekani mpaka watoe fedha zao. Mwalimu akiwa tayari Bangkok na gari likielekea Mae Sot, ashuke kwenye kituo cha kwanza cha mafuta penye watu, na apige simu ubalozi wetu ulio papo hapo Bangkok. Asingoje kufika aone.

Turudi kwenye simu ya kwanza ya ajenti. Mahojiano ya uongo huchukua dakika kumi, kamera imezimwa, maswali ni ya umri, dini na kama una pasipoti. Shule ya kweli humtaka mwalimu afundishe. Watakupa mada, kwa mfano wakati uliopita kwa watoto wa miaka tisa, watataka andalio la somo kabla, kisha watakutazama ukifundisha kwa dakika kumi na tano au ishirini. Usipoombwa somo la majaribio, uliza kwa nini. Uliza pia kama unaweza kuzungumza na mwalimu mgeni aliyeko pale sasa. Shule yenye walimu wageni haikosi mmoja wa kukupigia.

Barua ya ajira ikija, usibonye kiungo kilichomo ndani yake. Andika mwenyewe anwani ya shule kwenye intaneti, tafuta namba ya simu ya mezani, upige saa za kazi za kwao. China wametutangulia saa tano, Thailand saa nne, Saudia tuko sawa. Ukipiga China saa tatu asubuhi yetu, kwao ni saa nane mchana, watu wako ofisini. Omba idara ya walimu, uwasomee jina la aliyetia saini barua yako. Angalia na baruapepe iliyotumika: jina likiwa na kistari au herufi moja ya ziada kuliko la shule, limesajiliwa na mtu mwingine. Umri wa jina la tovuti unaweza kuutazama bure kwenye kurasa za WHOIS. Shule inayojisifu ina miaka 30 huku tovuti yake ina miezi mitatu, hiyo umeshaijua.

Sasa Ghuba, na hapa watu wa pwani tuna silaha ambayo wengi hawana. Tumesoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Herufi za Kiarabu tunazijua kabla ya kujua kuandika jina letu kwa Kiingereza, lakini viza ya Saudia inapokuja tunatazama picha na tarehe tu, kisha tunakunja karatasi.

Viza moja ilifikishwa Lamu, nyumbani Langoni, mkononi mwa mama mmoja mtu mzima anayesomesha watoto chuo. Binti aliyeileta alikuwa na shahada ya ualimu na alishalipa. Mama akavaa miwani, akatafuta mahali palipoandikwa *mihna*, yaani kazi, akaweka kidole. Maandishi ya viza hayana harakati, yaani alama za irabu, hakuna fatha wala kasra ya kukusaidia, kwa hiyo alihesabu herufi taratibu: ain, alifu, mimu, lamu, ta. Kisha neno la pili: mimu, nuni, zai, lamu, ya, ta.

"Mwanangu, hapa hapana maalima," akasema. "Hapa pana *aamila manziliyya*. Mtumishi wa nyumbani."

"Lakini bi, ajenti asema hilo ni jina la viza tu, nikifika watanibadilishia."

"Na jina la huyu kafili, mdhamini wako, ni la mtu. Shule yenyewe iko wapi?"

Maswali mawili, na yanatosha. Neno la kazi likiwa *muallima* au *mudarrisa*, ni mwalimu. Angalia tu kwamba *mudarrisa* na *madrasa* bila harakati huandikwa sawasawa, kwa hiyo hakikisha neno liko kwenye mstari wa kazi, si kwenye jina la mahali. Kwa wanaume, ukiona *aamil* ni kibarua, na *saaiq* ni dereva. Kisha jina la kafili: likiwa la mtu binafsi badala ya shule au kampuni, unakwenda nyumbani kwa mtu. "Jina la viza tu" ni maneno mazito kuliko yanavyosikika, kwa sababu watumishi wa nyumbani Saudia hawamo ndani ya sheria ya kazi ya kawaida, wana kanuni zao pembeni, na ukifika na viza hiyo, hiyo ndiyo hali yako mbele ya ofisi yoyote ya huko. Shahada haitaulizwa.

Falme za Kiarabu wana utaratibu wao. Ofa ya kazi hutoka kwa fomu ya wizara ya kazi, ina namba, ina Kiarabu na Kiingereza pamoja, na mkataba wa baadaye lazima ufanane nayo. Sheria yao ya kazi ya 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, yeye mwenyewe au kupitia mtu mwingine. Anayekupeleka Dubai kwa viza ya matembezi akisema "shule zitakugombania" anakupeleka kutafuta kazi kwa fedha zako, na hilo alipaswa kulisema wazi.

Fedha. Zilitoka kwa vipande, na vipande ndivyo vinavyoumiza. Kwanza Sh 15,000 za kufungua faili. Kisha Sh 38,000 za "cheti cha lazima" cha kufundisha Kiingereza, kilichokuja kama picha kwenye simu baada ya siku mbili bila mtihani wala somo. Kisha Sh 65,000 za "kuharakisha viza". Jumla Sh 118,000, na kila kipande kilikuwa kidogo kuliko aibu ya kuacha kile kilichotangulia. Sehemu ilikuwa mkopo wa chama. Kuwaeleza wanachama kulikuwa kugumu kuliko kumeza hasara yenyewe.

Weka hesabu hiyo kando ya gharama za kweli ambazo mtu analipa mwenyewe, bila ajenti. Pasipoti ya kurasa 34 ni Sh 7,500, na Sh 50 za eCitizen. Cheti cha mwenendo mwema ni Sh 1,050: unaomba eCitizen, unachapisha fomu, unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Vyeti vya masomo huthibitishwa na waliovitoa, vya mitihani ya kitaifa na KNEC, usajili wa ualimu na TSC, kisha mhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Shughuli hii huchukua wiki kadhaa na safari za Mombasa au Nairobi, basi ianze mapema ukiwa huna haraka ya mtu. Mwenye karatasi zake tayari hatishiki na "nafasi zimebaki mbili".

Kuhusu cheti chenyewe: kinachoheshimika kina saa 120 au zaidi, na kizuri kina wanafunzi halisi wa kufundishwa. CELTA ya Cambridge, kwa mfano, ina saa sita za kufundisha ukitazamwa. Hakuna chombo kimoja cha dunia kinachosajili vyeti hivi, kwa hiyo neno "kimeidhinishwa kimataifa" pekee halina uzito. Uliza mwajiri anakubali kipi kabla hujalipa, na usinunue kwa anayekutafutia kazi.

Ajenti wa Kenya anayepeleka watu nje lazima asajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na majina ya waliosajiliwa yako kwenye tovuti yake. Tazama na tarehe ya leseni kuisha. Wengi hukuonyesha cheti cha kusajili kampuni au leseni ya biashara ya kaunti, karatasi nzuri zenye nembo, lakini hizo zinamruhusu mtu kuuza hata mchele. Haziruhusu kupeleka mwalimu Bangkok. Jambo jingine ni la M-Pesa: kabla muamala haujakamilika, jina la anayepokea huonekana. Likiwa la mtu binafsi, futa.

Halafu kuna mlango ambao hatukuujua mpaka tumechelewa. Sheria ya Ajira ya 2007, kuanzia kifungu cha 83, inataka mkataba wa kazi ya ng'ambo ushuhudiwe na afisa wa kazi wa serikali. Afisa anatakiwa kuridhika kwamba umekubali kwa hiari, hukudanganywa, umeuelewa mkataba, na daktari amekupima. Kumshawishi mtu aende nje bila mkataba wa namna hiyo ni kosa. Mwambie ajenti mapema, kwa utulivu: "Mkataba ukija, tutaupeleka kwa afisa wa kazi." Wa kweli atauliza siku gani. Wa uongo atakwambia hilo ni la wafanyakazi wa nyumbani, au atanyamaza.

Kwenye mkataba wenyewe, tafuta saa za kufundisha zikitofautishwa na saa za kukaa shuleni, kwa sababu "saa 20" hugeuka 40. Tafuta mshahara wa miezi ya likizo, faini ya kuondoka mapema, na nani anashika pasipoti. Ghuba, maandishi ya Kiarabu ndiyo yanayoshinda yakitofautiana na ya Kiingereza. Rudi kwa yule mama wa Langoni, au kwa maalim wako.

Na kama unataka nje kweli, usiache kutazama karibu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu Julai 2010, na Rwanda wanafundisha kwa Kiingereza. Kiswahili nacho kina mlango: mpango wa Fulbright FLTA wa serikali ya Marekani huwapeleka walimu vijana kwa mwaka mmoja wa masomo kusaidia kufundisha lugha yao vyuoni huko, kwa viza ya J-1, na maombi hayana ada. Mzaliwa wa Lamu kuhangaika kuthibitisha Kiingereza chake huku Kiswahili chake kikitafutwa, hilo linanisikitisha.

Aliyekwisha kutuma fedha asifute mazungumzo. Hifadhi jumbe zote za M-Pesa zenye namba za muamala, ripoti namba hiyo kwa Safaricom kupitia 333, andikisha polisi na uchukue namba ya OB, kisha piga idara ya upelelezi, DCI, 0800 722 203, bila malipo. Ikiwa kuna mtu ameshasafirishwa kwa udanganyifu, sema neno "usafirishaji haramu wa binadamu" waziwazi, kwa sababu lina sheria yake ya 2010, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua Sh milioni 30. Ukisema "nimetapeliwa" pekee, faili huwekwa na za simu zilizoibwa.

Anayekwenda kwa njia halali naye aache bahasha nyumbani: nakala ya pasipoti, viza, mkataba, tiketi, anwani ya shule, namba ya ajenti na ya ubalozi wetu. Wakubaliane siku na saa ya kupiga simu ya video, tuseme Ijumaa baada ya swala, na neno moja la kawaida lisilomshtua anayesikiliza pembeni. Familia moja Malindi walichagua kuuliza kama madafu yameshaangushwa. Akijibu ndiyo, yuko salama. Akijibu bado, aliyebaki anachukua bahasha na kwenda nayo polisi siku hiyo hiyo.